Usimpokonye Mteja Kikapu: Mwongozo kwa Mwenye Duka la Mtandaoni Machakos

Wewe mwenye duka la mtandaoni hapa Machakos, unayeuza viondo vya katani, vinyago vya Wamunyu au viatu vya watoto, nina neno nawe, na si neno la kukubembeleza. Mteja wako wa Tala ameshika simu tangu saa mbili usiku. Amechagua kiondo chekundu, akakirudisha, akachukua cha buluu. Akaongeza kimoja cha mama mkwe, kwa sababu mama mkwe hasahauliwi. Mara dada yake akampigia simu, wakazungumza mambo ya chama kwa nusu saa. Aliporudi dukani kwako akakuta kikapu kitupu, na maandishi makubwa yanamsalimu: "Karibu mgeni, ungependa kununua nini?" Mgeni! Mtu aliyeshinda humo ndani jioni nzima!

Asubuhi unamlalamikia jirani kwamba watu wa Machakos hawapendi kununua mtandaoni. Wanapenda. Wewe ndiye uliyewapokonya kikapu wakiwa wamekwisha kukijaza.

Nenda sokoni ukajifunze. Mama anayeuza nyanya huachiwa kikapu kilichojaa na mteja anayemwambia, "Mama, nishikie, nakuja sasa hivi." Hiyo "sasa hivi" yaweza kuwa dakika tano au saa mbili. Mama hakimwagi kikapu. Mwenyewe akirudi, haulizwi jina la babu yake. Kikapu hakipewi mtu mwingine. Bei ya kilichomo haipandi kimyakimya. Na akishalipwa, mama hadai tena. Kanuni hizo tano ndizo mwongozo huu mzima. Duka la mtandaoni linalozifuata litauza, na lisilozifuata litaendelea kulaumu wateja.

Kwanza, jua kwa nini duka lako linasahau

Usahaulifu huu ni wa kuzaliwa. Tim Berners-Lee alipobuni wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, Uswisi, alitaka wanasayansi wasomeane nyaraka. Kivinjari kinaomba ukurasa, seva inautoa, habari inaishia hapo. Ombi linalofuata, hata likitoka kwenye simu ileile baada ya nukta moja, seva hulipokea bila kumbukumbu ya lile la kwanza. Kwa msomaji wa nyaraka, hilo halina madhara. Kwa mnunuzi ni balaa, kwa sababu kila anapobonyeza anakuwa mtu mpya.

Dawa ilipatikana mwaka 1994. Kampuni ya MCI ya Marekani ilitaka kufungua duka mtandaoni, lakini haikutaka seva zake zibebe kumbukumbu za manunuzi ambayo hayajakamilika. Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, akabuni kidakuzi: maandishi mafupi ambayo seva hukikabidhi kivinjari, nacho huyarudisha kila kinapoomba ukurasa. Leo vidakuzi vinatajwa zaidi kwa matangazo yanayomfuata mtu kila aendako, lakini chanzo chake ni kikapu cha mnunuzi. Kwa hiyo duka linalotumia vidakuzi kumfuatilia mteja huku likishindwa kumtunzia kikapu limeacha kazi ya asili ya chombo hicho.

Kinachokaa ndani ya kidakuzi kiwe namba ya sesheni tu, yaani ya ziara ya mteja dukani, ndefu na isiyokisika. Vitu vyenyewe, yaani bidhaa na idadi yake, vikae upande wa seva. Namba ndiyo inayounganisha simu ya mteja na kikapu chake. Namba ikipotea au ikiibwa, kikapu nacho kimekwenda.

Kanuni ya kwanza: usikimwage

Kama duka lako limeandikwa kwa PHP na fundi wako hakugusa mipangilio, sesheni isiyoguswa kwa sekunde 1440 huhesabiwa kuwa takataka inayoweza kufagiliwa. Hizo ni dakika 24. Kupika ugali, kuula na kuosha sufuria huchukua zaidi ya dakika 24! WooCommerce, programu inayoendesha maduka mengi madogo, ni pole kidogo: kwa mipangilio yake ya kawaida humtunzia mgeni kikapu kwa saa 48. Hata hizo hazitoshi kwa namna Wakenya tunavyonunua. Mtu anayelipwa mwisho wa mwezi huanza kutazama bidhaa tarehe 20. Anapanga, anaondoa, anaongeza, anapiga hesabu ya karo na kodi ya nyumba. Mshahara ukiingia ndipo analipa. Kikapu kilichokufa tarehe 22 hakikumsubiri mwenye pesa.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili ambayo mafundi wengi huyafunga pamoja: kuingia kwenye akaunti, na kuwa na kikapu. Ruhusa ya kuingia kwenye akaunti iwe fupi, kwa sababu humo mna anwani, namba ya simu na orodha ya manunuzi ya zamani. Kikapu kiishi siku 30 au zaidi. Mteja akirudi baada ya wiki mbili, aombwe nenosiri anapotaka kuona akaunti yake, lakini vitu vyake avikute palepale.

Kisha angalia kinapohifadhiwa. Sesheni nyingi huwekwa kwenye faili la muda au kwenye kumbukumbu ya seva, na seva ikizimwa na kuwashwa, baadhi yake hutoweka. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima usiku kucha. Duka lililokuwa na vikapu kwenye hifadhidata liliweza kuamka na vikapu vyake. Lililovibeba kwenye kumbukumbu ya kompyuta iliyo chini ya meza ya ofisi halikuwa na cha kuamka nacho. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kikapu ni mali iliyo njiani kuja kwako. Kiandike kwenye daftari.

Jaribio: jaza kikapu, zima simu, mwambie fundi azime seva na kuiwasha tena, kisha rudi kesho kutwa. Kikapu kikiwa kitupu, duka halijawa tayari kufunguliwa.

Kanuni ya pili: usimuulize jina la babu yake

Utafiti wa taasisi ya Baymard, unaojumlisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali, unaonyesha kwamba karibu asilimia 70 ya vikapu vya mtandaoni huachwa bila kulipiwa. Miongoni mwa sababu zinazotajwa kila mara ni gharama zinazojitokeza mwishoni na kulazimishwa kufungua akaunti. Hebu tazama fomu yako: jina la kwanza, la kati, la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, sanduku la posta, nenosiri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Haya yote kwa kiondo kimoja! Mtu akiomba kitambulisho anapewa maswali machache kuliko hayo.

Mruhusu mteja anunue akiwa mgeni. Ili umfikishie mzigo Masii au Matuu unahitaji jina, namba ya simu na mahali pa kuupokea. Basi. Ukitaka afungue akaunti, mwombe baada ya kulipa, wakati amekwisha kukuamini.

Anayeamua kuingia kwenye akaunti yake akiwa na kikapu cha ugenini mkononi usimtupie kimojawapo. Wiki iliyopita aliweka vitu viwili akitumia kompyuta ya kazini, na leo ameweka vitatu kwa simu. Viunganishe. Kitu kilekile kikiwa kwenye vikapu vyote viwili, usijumlishe kiholela ukamuuzia sufuria mbili anayetaka moja. Chukua idadi iliyo kubwa, kisha mwonyeshe wazi ili aamue mwenyewe.

Na usimtambue mteja kwa anwani ya intaneti ya simu yake. Mtu anayetumia bando akiwa kwenye matatu kutoka Machakos kwenda Kangundo anaweza kubadilishiwa anwani njiani mara kadhaa, na watu wengi wa mtandao mmoja huweza kuonekana kwa nje wakiwa na anwani moja. Duka linalofunga sesheni kwa sababu anwani imebadilika linamwadhibu mtu kwa kosa la kusafiri.

Jaribio: jaza kikapu kwa bando, hamia Wi-Fi, kisha ingia kwenye akaunti. Kila kitu kiwepo, na kisiwepo mara mbili.

Kanuni ya tatu: usimpe mtu mwingine

Kosa la kutisha kuliko yote ni kuweka namba ya sesheni kwenye kiungo cha ukurasa. Mteja wako amependa kitambaa, ananakili kiungo na kukibandika kwenye kundi la WhatsApp la chama: "Jamani, oneni hiki." Wanachama wote wanabonyeza. Sasa wote wako ndani ya kikapu kimoja, wa Mwala anaongeza mapazia, wa Kathiani anaondoa kitambaa, na mwenye kikapu anadhani simu yake imerogwa. Haijarogwa. Fundi wako ameiweka namba ya siri hadharani. Namba ikae ndani ya kidakuzi peke yake, na isionekane kwenye kiungo chochote.

Kidakuzi chenyewe kiwekewe ulinzi wa aina tatu, na fundi anayejua kazi yake ataelewa mara moja ukimtajia. `Secure` huhakikisha kinasafiri kwa njia iliyosimbwa tu, hata mteja akitumia Wi-Fi ya hotelini. `HttpOnly` huzuia maandishi ya programu ndani ya ukurasa yasikisome. `SameSite` hupunguza uwezo wa tovuti nyingine kutuma maombi kwa jina la mteja wako. Juu ya hayo, mteja anapoingia kwenye akaunti apewe namba mpya ya sesheni na ile ya zamani ifutwe, ili mtu aliyeijua namba ya mwanzo asiingie naye. Fundi akikuambia hayo ni ya maduka makubwa, mwambie hata duka dogo lina mlango na kufuli.

Kuna pia kurasa zilizonakiliwa ili duka lifunguke upesi. Kunakili ukurasa wa viondo ni jambo jema, maana ni uleule kwa kila mtu. Kunakili ukurasa wa kikapu au wa malipo ni kumwonyesha mteja wa Athi River jina na namba ya simu ya mteja wa Yatta. Kurasa hizo ziondolewe kabisa kwenye mpango wa kunakili.

Usisahau wanaotumia saiba. Kitufe cha "Toka" kionekane bila kutafutwa, na kikibonyezwa kifute sesheni kwenye seva. Kubadilisha maandishi yaliyo juu ya ukurasa si kutoka.

Jaribio: tuma kiungo cha kila ukurasa wa duka lako kwa rafiki. Akiona kikapu chako, funga duka leo hii mpaka lirekebishwe.

Kanuni ya nne: bei isipande kimyakimya

Kikapu kitunze bidhaa na idadi. Bei isomwe kutoka kwenye hifadhidata ya duka kila mara hesabu inapofanywa. Yako maduka ambayo bei husafiri kwenda kwa kivinjari na kurudi ndani ya fomu, na seva huipokea bila kuihakiki. Mwanafunzi mmoja wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Machakos atajiuzia kiondo chako kwa shilingi moja kabla ya chai ya saa nne, tena duka litamshukuru na kumtakia siku njema! Chochote kinachotoka kwenye simu ya mteja ni maombi. Hesabu ni ya seva.

Bei ikibadilika kikapu kikiwa bado kinasubiri, mwambie mwenye kikapu kwa maneno ya wazi: "Kiondo hiki kilikuwa shilingi 1,500, sasa ni 1,700." Aamue yeye. Gharama ya kutuma mzigo nayo ionekane mapema, akishataja mji wake, isimvizie kwenye hatua ya mwisho.

Halafu kuna vitu vya pekee. Wamunyu ni kijiji cha wachongaji tangu Mutisya Munge alipoleta ujuzi huo baada ya kujifunza kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kinyago kilichochongwa kwa mkono hakina pacha. Wateja wawili wakikiweka kikapuni usiku mmoja, ni cha nani? Kuweka kikapuni kusiwe kumiliki, la sivyo mtu mmoja atazuia vinyago vyako vyote kwa mwezi mzima bila kulipa senti. Kishikiliwe pale mteja anapoanza kulipa, kwa dakika chache zinazojulikana, na asipolipa kirudi sokoni. Mwingine aambiwe ukweli: "Kuna mtu anakilipia sasa. Jaribu tena baada ya dakika 15."

Jaribio: simu mbili, kinyago kimoja, bonyezeni "Lipa" kwa pamoja. Mmoja apate, mwingine aelezwe, na asikatwe pesa.

Kanuni ya tano: aliyelipa asidaiwe tena

Hapa ndipo maduka mengi ya Kenya yanapoanguka, kwa sababu mafundi hunakili mafunzo yaliyoandikwa kwa ajili ya kadi za benki, ilhali mteja wetu analipa kwa M-Pesa. Huduma hiyo ilianza Machi 2007, na mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, mlango ambao programu za wafanyabiashara hupitia kuzungumza na M-Pesa. Mteja anabonyeza "Lipa", ombi linatokea kwenye simu yake, anaweka namba ya siri. Kwa macho yake kazi imekwisha. Kwa duka lako kazi ndiyo inaanza.

Shika jambo hili, kwa sababu ndilo linalosumbua kuliko yote: jibu la malipo halipitii kwenye kivinjari cha mteja. Linatoka kwenye seva za Safaricom na kuja moja kwa moja kwenye seva yako. Halina kidakuzi, kwa hiyo halina sesheni. Programu inayojaribu kutafuta kikapu cha "mteja aliyepo sasa" wakati jibu linapoingia haitamwona mtu yeyote. Pesa imeingia, oda haipo, na mteja wa Tala anapiga simu akiwa na sauti ambayo hutaki kuisikia.

Utaratibu sahihi ni huu. Kabla ya kutuma ombi la malipo, nakili kikapu kwenye oda yenye namba yake, ukiandika bidhaa, idadi na bei za wakati huo, na hali yake iwe "inasubiri malipo". Tuma ombi. Daraja itakurudishia namba ya ombi hilo, iitwayo CheckoutRequestID. Iandike kwenye oda papo hapo. Jibu likija litakuwa na namba hiyohiyo, nayo itakuonyesha oda bila kuhitaji sesheni ya mtu. Linganisha kiasi kilicholipwa na kiasi cha oda. Hifadhi namba ya risiti ya M-Pesa kwa namna isiyoruhusu kuandikwa mara mbili, ili jibu likirudiwa lisizae oda ya pili. Hapo ndipo unapoondoa kikapuni vile vilivyolipiwa, si kabla.

Soma namba za majibu. 0 ni kwamba amelipa. 1 ni kwamba salio halitoshi. 1032 ni kwamba alighairi mwenyewe. 1037 ni kwamba simu haikufikiwa au hakujibu kwa wakati. Kwa hizo tatu za mwisho kikapu kibaki kilivyo, na mteja aelezwe kilichotokea kwa Kiswahili cha kawaida. Anayeambiwa "salio halitoshi" ataongeza pesa na kurudi. Anayeambiwa "hitilafu imetokea" ataondoka na kuwaonya jamaa zake.

Jibu likichelewa, uliza kabla ya kudai. Daraja inayo njia ya kuulizia hali ya ombi lililotumwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikasuasua. Siku za namna hiyo ukurasa hukwama, mteja anabonyeza "Lipa" tena na tena, na duka lisilo na adabu hutuma ombi jipya kila mara. Kitufe kikishabonyezwa kilale. Oda ikiwa na ombi lisilojulikana hatima yake, ombi lingine lisitumwe. Na mteja akirudi baada ya kivinjari kujifunga, aone oda yake: imelipwa, inasubiri, au haikulipwa.

Jaribio: lipa kwa simu yako, na mara tu unapoweka namba ya siri, funga kivinjari. Fungua tena. Duka likikudai mara ya pili, limeonyesha namna linavyowatendea wengine.

Kikapu kina siri zake

Vipimo vya ujauzito, dawa, sare ya mtoto ambaye jamaa hawajui amebadilishwa shule: kikapu husema mengi kuhusu mwenyewe. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka ukusanye data unayohitaji tu, wala usikae nayo kupita haja. Kuitumia kibiashara kunahitaji ridhaa. Kwa hiyo mkumbushe mteja kikapu alichokiacha kama amekubali kukumbushwa, na ukumbusho mmoja unatosha. Ujumbe wa saa kumi na moja alfajiri unaotaja bidhaa kwa jina kwenye simu inayotumiwa na familia nzima ni uhalifu dhidi ya amani ya nyumba ya watu. Kikapu kilichopita muda wake futa kabisa, pamoja na namba ya simu iliyoambatana nacho.

Leo jioni, kabla hujalipia tangazo jingine, mwite fundi wako mkae na simu mbili, mwanze majaribio yote hayo. Kila linaloshindikana liandikeni, na lirekebishwe kabla ya mwisho wa mwezi, maana hapo ndipo wenye mishahara wanaporudi kutafuta vikapu vyao. Tangazo humfikisha mteja mlangoni. Asipokikuta kikapu chake, atanunua kwingine, na ni haki yake.